Likizo ya mwanasoka wa chuo: Nani anashika filimbi Lisekese?

Likizo ya vyuo ikifika, soka la Lisekese linanoga. Vijana wanaosoma Mtwara, Dodoma, Dar es Salaam na kwingineko wanarudi kwenye kata hiyo ya Mji wa Masasi, na kabla begi halijafunguliwa viongozi wa timu za mtaani wameshapiga hodi. Huyu anatakiwa winga ya kulia. Yule anatakiwa azibe pengo la beki wa kati aliyesafiri. Ndondo ya wikiendi haimsubiri mtu.

Shabiki anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Mchezaji aliyetoka chuo huwa amecheza na watu wa mikoa mingine, amefundishwa kukaa kwenye nafasi yake, na mara nyingi anaongeza kitu kwenye timu iliyozoea kupiga mbele na kukimbiza.

Ila kuna swali ambalo halisikiki sana vijiweni. Kwa wiki zote ambazo chuo kimefungwa, mazoezi na mechi za kijana huyo zinasimamiwa na nani? Nani anajua amecheza mara ngapi, amepumzika siku ngapi, na goti lile lililovimba mwezi uliopita limepona au limefungwa bandeji tu?

Ukimuuliza mwalimu wa michezo wa chuo, atasema kijana yuko likizo. Ukimuuliza kiongozi wa timu ya mtaa, atasema huyo si wake, kaja kusaidia tu. Mzazi anajua mtoto kaenda uwanjani, basi. Kila mmoja anamtumia au kumtazama, lakini akianguka hakuna anayesema "huyu ni wangu".

Kalenda iliyogeuzwa

Ili kulielewa tatizo, ianzie kwenye kalenda.

Ulaya na Marekani, msimu wa michezo wa chuo uko ndani ya muhula. Masomo yakisimama, na mashindano kwa sehemu kubwa yanasimama. Tanzania mambo yako kinyume kwa ngazi ya shule. UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari hufanyika kitaifa katikati ya mwaka, shule zikiwa zimefungwa au zinakaribia kufunguliwa. Mashabiki wa kusini wanalijua hilo vizuri, kwa sababu Mtwara iliwahi kuwa mwenyeji wa fainali hizo mwaka 2019 na tena 2021.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Kitanzania anakua akijua kwamba likizo ndiyo msimu. Akiwa darasani, mpira ni wa jioni, kama uwanja upo na mwalimu yupo. Zikikaribia chaguzi za wilaya na mkoa, ghafla kunakuwa na kambi, mazoezi asubuhi na jioni, mechi karibu kila siku. Mashindano yakiisha, jezi zinakusanywa, kambi inavunjwa, na mchezaji anarudi kwenye ukimya hadi mwaka unaofuata.

Akifika chuo anaikuta hali inayofanana. Vyuo vya ualimu vina umoja wao, UMISAVUTA. Vyuo vikuu vina TUSA, na vyuo vingine vya elimu ya juu vina SHIMIVUTA. Ukanda wa Masasi, Newala na Mtwara una vyuo vinavyoguswa na mambo haya moja kwa moja: Chuo cha Ualimu Kitangali kule Newala, Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Masasi, na ukiteremka hadi Mtwara mjini kuna vyuo vya ualimu pamoja na Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris.

Mashindano ya vyuo hivi yana kanuni za usajili, umri, kadi na rufaa. Mamluki wanasakwa, na timu ikibainika inakiona cha moto. Lakini kanuni hizo zinaanza kuuma siku ya mashindano. Miezi kabla na miezi baada ya hapo, mchezaji ni wa kila mtu.

Wamarekani walivyoamua kuhesabu saa

Nchi iliyolivalia njuga suala hili kuliko zote ni Marekani, kwa sababu kule michezo ya vyuo ni biashara kubwa na wachezaji walikuwa wanakamuliwa.

Watanzania wamepita humo. Suleiman Nyambui, aliyeleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso. Hasheem Thabeet alicheza kikapu Chuo Kikuu cha Connecticut kabla ya kuchaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA mwaka 2009. Michezo yao ilisimamiwa na NCAA, chama kinachoendesha michezo ya vyuo vingi vya nchi hiyo.

Tangu mwaka 1991 NCAA ina kanuni ya saa. Wakati wa msimu, mwanafunzi wa daraja la juu hatakiwi kuzidisha saa 20 za mazoezi na mechi kwa wiki, wala saa nne kwa siku, na lazima apate siku moja kamili ya kupumzika. Siku ya mechi inahesabiwa saa tatu, hata kama shughuli nzima imechukua mchana kutwa.

Msimu ukiisha, kibano kinaongezeka. Ndani ya muhula, saa zinashuka hadi nane kwa wiki, na zinazoruhusiwa kutumika kwa mazoezi ya ufundi chini ya kocha ni nne tu. Zinazobaki ni za nguvu, pumzi na vikao vya kuangalia video. Siku za kupumzika zinakuwa mbili kwa wiki.

Chuo kikifungwa, kwa miaka mingi kocha wa michezo mingi hakuwa na mamlaka ya kumwita mchezaji mazoezini. Baadaye kikapu na soka la Kimarekani, lile la kubeba mpira mkononi, vilifunguliwa mlango wa saa nane kwa wiki majira ya kiangazi kwa masharti yake. Vinginevyo, mchezaji akifanya mazoezi likizoni ilitakiwa yawe ya hiari yake.

Na neno "hiari" halikuachwa lielee. Ili mazoezi yaitwe ya hiari, mchezaji mwenyewe ndiye aliyeyataka. Hatakiwi kumpelekea kocha taarifa. Mahudhurio yake hayaandikwi ili kocha ayaone. Asipokuja haadhibiwi, akija hapewi zawadi.

Kwa shabiki wa Lisekese saa nane kwa wiki zinaweza kuonekana kichekesho. Kuna timu za vyuo ambazo hazifikishi saa nane kwa mwezi. Hilo ni kweli, na litarudiwa hapa chini. Kwanza itazamwe kwa nini waliandika kanuni ngumu namna hiyo, na kwa nini bado haikutosha.

Hiari isiyo hiari

Tarehe 3 Agosti 2001, Rashidi Wheeler, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Northwestern mwenye miaka 22 na ugonjwa wa pumu, alianguka akiwa kwenye mbio za kupima pumzi na akafariki. Mazoezi yale yaliitwa ya hiari. Ilikuwa likizo. Mwaka 2005 kesi ya familia ilimalizwa kwa malipo ya dola milioni 16.

Miaka 17 baada ya Wheeler, tarehe 29 Mei 2018, Jordan McNair wa Chuo Kikuu cha Maryland, miaka 19, alizidiwa na joto kwenye mazoezi ya nje ya msimu. Walikuwa wanakimbia yadi 110 kwa kurudia mara kumi. Dalili zilionekana, lakini hakupozwa mwili kwa maji baridi kama inavyotakiwa, na zaidi ya saa moja ilipita kati ya dalili za kwanza na gari la wagonjwa kuondoka naye. Alifariki Juni 13. Kocha mkuu alifukuzwa kazi Oktoba mwaka huo, na rais wa chuo alikiri hadharani kwamba chuo kinabeba wajibu wa kisheria na wa kimaadili.

Vifo vyote viwili vilitokea nje ya msimu. Hakukuwa na kombe, jukwaa lililojaa wala kamera. Ni wakati ambao uangalizi unalegea, na kocha anataka kuona nani "kajitunza" na nani kanenepa nyumbani.

Upo pia upande wa wanaoiba saa. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Michigan, moja ya majina makubwa ya soka la Kimarekani, kiliadhibiwa baada ya kubainika kuwa kimezidisha muda wa mazoezi, ndani ya msimu na nje yake. Kiliwekwa chini ya uangalizi kwa miaka mitatu na kukatwa saa 130 za mazoezi. Adhabu ile ina somo zuri: umeiba saa, unarudisha saa.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, nje ya msimu ndiyo kipindi cha hatari, kwa sababu kila mtu anadhani hakuna kinachoendelea. Pili, neno "hiari" linahitaji ulinzi. Mchezaji akijua kwamba asipotokea atapoteza namba, hiari imeshakufa hata kama kwenye karatasi imeandikwa kwa wino wa dhahabu.

Lisekese: njaa kwanza, kisha karamu

Rudi sasa Masasi. Hapa hakuna kocha anayemfungia mchezaji saa 40 kwa wiki gym. Ugonjwa ni mwingine, na kwa mwili wa mchezaji unaweza kuwa mbaya vilevile.

Mfano rahisi ni mwanachuo wa miaka 20 anayecheza winga. Kwa wiki saba au nane za mwisho wa muhula hajagusa mpira wa maana. Kulikuwa na mitihani, au alikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha kwenye shule ya mbali. Likizo inaanza Ijumaa. Jumamosi yuko uwanjani kwa dakika 90. Jumapili timu nyingine ya mtaa wa pili inamwomba, na rafiki yake ndiye nahodha, anakataaje? Katikati ya wiki kuna bonanza. Wikiendi inayofuata wanapanda gari kwenda kucheza Newala au Ndanda, wanarudi usiku.

Mwili uliokaa kimya miezi miwili umepewa mechi nne ndani ya siku tisa. Nyama za paja zinachanika hapo. Enka inageuka hapo. Goti linaaga hapo. Mashabiki watasema kijana "kalogwa", wakati aliyemroga ni ratiba.

Linganisha na wanaolipwa. Julai 2025 FIFA ilitangaza makubaliano na wawakilishi wa wachezaji kwamba kati ya mechi na mechi pawe na angalau saa 72, na msimu ukiisha mchezaji apate angalau siku 21 za kupumzika. Hao ni watu wenye madaktari, wapishi na barafu ya kutosha. Mwanachuo wa Lisekese, ambaye dawa yake ni maji ya bomba na kitambaa, anacheza Jumamosi na Jumapili.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Masasi imekaa chini, katikati ya vilima vya mawe vinavyoshika jua kama kikaango. Newala iko juu ya tambarare ya Makonde, kuna upepo na afueni. Oktoba na Novemba, mvua zikiwa hazijaanza, jua la Masasi saa nane mchana si la kuchezea. Timu zinazoshuka kutoka Newala kuja kucheza huku zinalihisi mapema.

Na miezi hiyohiyo ni ya korosho. Minada ya vyama vikuu kama MAMCU na TANECU inaanza, fedha inaingia mitaani, na fedha ikiingia, makombe yanazaliwa. Mfadhili anatoa jezi, mwingine mbuzi, mwingine fedha taslimu. Mwanachuo aliye nyumbani kipindi hicho asubuhi yuko shambani kwa wazee anaokota korosho, jioni yuko uwanjani. Saa za shambani hakuna anayezihesabu kama mazoezi, lakini mgongo wake unazihesabu.

Kwa wasichana karamu yenyewe haipo. Mpango wa Mpira Fursa umepeleka soka la wasichana kwenye vyuo vya maendeleo ya wananchi, na chuoni binti anapata timu, kocha na ratiba. Akirudi nyumbani likizo, ndondo ya wikiendi ni ya kaka zake. Yeye anasubiriwa na ndoo, jiko na shamba. Anarudi chuoni ameanza upya, na kocha anashangaa pumzi imekwenda wapi. Kwa hiyo kanuni yoyote ya likizo itakayoandikwa kwa kumfikiria kijana wa kiume anayechezeshwa kupita kiasi tu, itakuwa imeona nusu ya uwanja.

Hoja ya upande wa pili

Wapo watakaosema: acheni vijana wacheze. Na hoja yao si nyepesi.

Ndondo ndiyo dirisha. Ndanda FC ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, kusini ilipata mahali pa kupeleka macho, na vijana walijua njia ya kufika Nangwanda Sijaona inaanzia mchangani. Tangu Ndanda ishuke mwaka 2020, macho ya wengi yamehamia Namungo ya Ruangwa, na njia ya kuonekana imekuwa nyembamba zaidi. Ukimkataza mwanachuo asicheze likizo, umemfungia dirisha pekee alilonalo. Hakuna mtafuta vipaji anayekuja kumwangalia akisoma.

Pili, historia ya kukataza ipo, na haikuacha matunda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ilisimamisha michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA, hoja kubwa ikiwa ni kwamba inavuruga masomo. Baadaye ilirejeshwa. Wadau wengi wa soka hadi leo wanakitaja kipindi kile kila wanapojadili kwa nini kizazi fulani cha wachezaji kilikuwa chembamba. Marufuku haikuwafanya watoto wawe wasomi zaidi. Iliwaondolea usimamizi, na mpira ukaendelea bila mwalimu.

Tatu, shule ikiwekeza vizuri kwenye mpira matunda yanaonekana. Mwaka 2023 wasichana wa Fountain Gate ya Dodoma walichukua ubingwa wa Afrika wa shule huko Durban, Afrika Kusini, na zawadi ya dola 300,000. Kikosi kama kile hakijengwi kwa kambi ya wiki mbili.

Hoja zote tatu zina uzito. Lakini hazisemi kwamba pasiwe na kanuni. Zinachosema ni kwamba kanuni ya kufunga mlango haifai. Inayotakiwa ni ya kuweka mlinzi mlangoni: mchezaji aingie, acheze, atoke salama. Hapo ndipo utaratibu wa Kimarekani hauwezi kunakiliwa mzimamzima. Kule tatizo lilikuwa kocha mwenye nguvu nyingi, ndiyo maana wakaweka dari. Masasi tatizo ni kocha asiyekuwepo, kwa hiyo panahitajika dari na sakafu pia: mechi zisizidi kiasi fulani, na mazoezi yasipungue kiasi fulani.

Kinachowezekana bila kusubiri Dodoma

Mengi hayahitaji sheria ya Bunge wala bajeti mpya. Yanahitaji chuo, chama cha soka cha wilaya na waandaaji wa makombe ya mtaani kukaa meza moja kabla likizo haijaanza.

La kwanza ni karatasi ya likizo. Mwalimu wa michezo anampa kila mchezaji programu ya ukurasa mmoja: mbio siku fulani, nguvu siku fulani, mpira siku fulani, siku mbili za kupumzika. Wiki mbili za mwanzo ziwe za kujenga pumzi taratibu. Haigharimu chochote zaidi ya karatasi, na kwa binti aliye nyumbani inampa hoja ya kumwambia mzazi: "Hii ni kazi ya chuo."

La pili ni siku mbili kati ya mechi na mechi. Saa 72 za FIFA zinaweza kuwa ndoto kwa mchangani, lakini kumzuia mchezaji mmoja asicheze Jumamosi na Jumapili mfululizo linawezekana. Waandaaji wa makombe wanazo orodha za wachezaji. Wakizilinganisha, aliyecheza jana ataonekana leo. Orodha hiyohiyo itasaidia kukamata mamluki, kwa hiyo kila timu ina sababu ya kuiunga mkono.

La tatu ni saa ya kuanza mechi na maji. Kati ya Oktoba na Desemba, mechi ya saa nane mchana isogezwe saa kumi. Kila kipindi kiwe na mapumziko ya maji katikati. Na kila benchi lijue jambo moja ambalo kifo cha Maryland kilifundisha kwa gharama kubwa: mchezaji aliyezidiwa na joto, anayepepesuka, kutapika au kuongea yasiyoeleweka, anapozwa kwanza. Mweke kivulini, mvue jezi, mmwagie maji ya baridi mwili mzima huku usafiri wa kwenda Hospitali ya Mkomaindo ukitafutwa. Kumpakia kwenye bodaboda akiwa bado anachemka ni kupoteza dakika zisizorudi. Ndoo mbili za maji pembeni ya uwanja zina thamani kuliko kombe lenyewe.

La nne ni bima. Kwa miaka mingi mwanachuo amekuwa akilipia NHIF Sh50,400 kwa mwaka, pungufu ya bei ya viatu vizuri vya mpira. Timu ya mtaa inayomwita mwanachuo imuulize kadi kabla ya kumuuliza anacheza namba ngapi. Asiyekuwa nayo, mwandaaji aseme mapema nani atalipa akiumia, na aseme mbele ya mashahidi, siyo baada ya mfupa kuvunjika.

La tano ndilo gumu zaidi: hiari ya kweli. Chuo kikiita mazoezi ya likizo, mwenye shamba la kuvuna au mdogo wa kulea asikatwe kwenye kikosi kwa sababu hakutokea. Na timu ya mtaa ikimwita, kijana awe na ruhusa ya kusema "leo hapana" bila kuitwa mwenye maringo. Hili halisimamiwi na mwamuzi. Linasimamiwa na wazee wa timu na mashabiki wenyewe, wale wanaopiga kelele pembeni ya uwanja kwamba fulani aingie hata kama anachechemea.

Cheti kwanza au kombe?

Shabiki anaweza kuuliza kwa nini habari ya mazoezi ya likizo ijaze kurasa za michezo wakati kuna usajili na ratiba za Ligi Kuu. Jibu liko kwenye hesabu ya maisha ya hao vijana.

Wengi wao hawatafika Ligi Kuu. Huo ndio ukweli wa soka popote duniani. Watakuwa walimu, wauguzi, mafundi, maofisa ugani. Mpira umewapa marafiki, nidhamu na jina mtaani, lakini kitakacholisha nyumba ni cheti. Mwalimu mwanafunzi aliyevunjika mguu kwenye fainali ya mbuzi anaweza kukosa wiki za mazoezi ya kufundisha, na akikosa hizo anaweza kusogeza kuhitimu kwake mwaka mzima. Familia iliyouza korosho kulipa ada italipa tena. Mbuzi wenyewe watakuwa wameshaliwa siku nyingi.

Na wale wachache wenye miguu ya kufika mbali ndio wanaotakiwa zaidi na kila timu, kwa hiyo ndio wanaochoka zaidi. Kila kombe la korosho linamtaka winga yuleyule. Utaratibu wa sasa, kama unastahili kuitwa utaratibu, unamwadhibu mwenye kipaji kwa sababu ana kipaji.

Wamarekani waliandika kanuni, zikavunjwa, vijana wakafa, wakaandika tena. Lisekese, Masasi na Newala hazina haja ya kupitia njia hiyo yote. Hatua ya kwanza ni ndogo na ya kuanzia likizo ijayo: kila kijana wa chuo anayeingia uwanjani awe na mtu mmoja mzima, mwenye jina na namba ya simu, anayejua jana alicheza wapi.